Timu ya Mtaa Haijengwi kwa Wachezaji wa Kukodi

Kuna swali ambalo halikosi kuulizwa kila msimu wa michezo unapokaribia mwisho katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Shauri Moyo na Kaloleni hadi Buruburu, Umoja na Dandora. Timu ikishindwa mara mbili tatu mfululizo, mashabiki hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema wakongwe washukuriwe na kuagwa, nafasi zao zitwaliwe na chipukizi, hata kama itatubidi kushindwa kwa miaka kadhaa. Kundi la pili husema kombe halimngoji mtu akue; watafutwe wachezaji waliokwisha kukomaa, popote walipo, tushinde mwaka huu huu. Swali hilo huulizwa kuhusu mpira wa vikapu na vilevile kuhusu kandanda, na shuleni huulizwa kama linavyoulizwa vilabuni.

Mimi ni mwalimu, na makala haya nawaandikia hasa walimu wenzangu na wanafunzi wao, kwa kuwa naamini kwamba sehemu kubwa ya jibu haimo katika ofisi za vilabu bali katika viwanja vya shule zetu. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji asije akasumbuka kuutafuta. Timu ya mtaa, isiyokuwa na hazina ya fedha, haina budi kujijenga kwa vijana wake. Lakini kujenga kwa vijana si kuwafukuza wakongwe, wala si kuwatupa watoto uwanjani na kuwaombea dua. Umri wa wachezaji ni jambo la pili. La kwanza ni hili: msimu ukiisha na wachezaji wakatawanyika, timu inabaki na nini mikononi?

Tuanze kwa kulitendea haki kundi la pili, maana hoja zake si za kupuuzwa. Maisha ya mchezaji ni mafupi. Kijana wa miaka 26 aliyeitumikia timu tangu utotoni ana haki ya kuonja ushindi kabla ya magoti yake kuchoka. Ukimwambia asubiri miaka mitano hadi chipukizi waive, umemwambia asahau. Isitoshe, mdhamini haweki fedha kwenye timu inayoshika mkia, na mashabiki hawatoki majumbani Jumamosi kwenda kutazama ahadi. Wahenga walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Na ushindi wenyewe ni mwalimu: mtoto aliyeiona timu ya nyumbani ikibeba kombe hujifunza kwamba jambo hilo linawezekana, na somo hilo halipatikani kwenye mazoezi pekee.

Ushahidi wa kundi hili upo, nao ni wa kupendeza. Mnamo 1993 Kenya iliandaa michuano ya Afrika ya mpira wa vikapu hapa Nairobi, na timu yetu ya wanaume ikamaliza katika nafasi ya nne. Baada ya hapo tulipotea katika fainali hizo kwa miaka 28. Kisha kikajitokeza kizazi cha wachezaji waliokomaa, baadhi yao wakiwa wanacheza ng'ambo. Mwaka wa 2019 wakatwaa nafasi ya pili katika mashindano ya AfroCan kule Bamako. Mnamo Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae akatumbukiza mrusho wa mwisho uliowapa Morans ushindi wa 74 kwa 73 dhidi ya Angola, taifa ambalo hakuna mwingine barani aliyelikaribia kwa wingi wa mataji. Tukafuzu kwa michuano ya Kigali ya mwaka huo, tukiongozwa na Liz Mills wa Australia, na huko tukaishinda Mali. Nani angethubutu kuwaambia vijana wale kwamba walikosea kwa kutaka kushinda wakati huo huo?

Lakini hebu tufuate habari hii mbele kidogo. Timu iliyotutoa katika michuano ile ya Kigali ilikuwa Sudan Kusini, na ilitushinda kwa tofauti ndogo mno. Siku hiyo mtazamaji asingeweza kusema kwamba pana umbali mkubwa baina ya majirani hawa wawili. Miaka miwili baadaye Sudan Kusini ilicheza katika Kombe la Dunia la 2023 na kujipatia tiketi ya Olimpiki. Mnamo Julai 2024, katika mechi ya kujipima nguvu mjini London, ilishindwa na Marekani kwa pointi 1 tu, 101 kwa 100, na baada ya siku chache ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79 katika Olimpiki yenyewe. Nasi je? Mnamo 2025, mataifa 16 ya Afrika yalipokutana Angola kuwania ubingwa wa bara, Uganda ilikuwapo, Rwanda ilikuwapo, Sudan Kusini ilikuwapo. Kenya haikuwapo.

Timu mbili zilizoachana kwa vikapu vichache mwaka wa 2021 zimeachana sasa kama mbingu na ardhi. Kwa nini? Baadhi ya watu hujibu haraka kwamba Sudan Kusini ina watu warefu, na pia ina wana wake waliolelewa Marekani na Australia. Hayo ni kweli, na ni kweli vilevile kwamba Luol Deng, aliyekuwa nyota katika ligi ya NBA, alilishika shirikisho la mchezo huo nchini mwake na hata kutoa fedha zake mwenyewe. Kwa hivyo isidhaniwe kwamba majirani zetu waliamua kushindwa kwanza ili wajenge. Walitaka kushinda sasa, na waliwaita waliokomaa kutoka pembe zote za dunia.

Tofauti ni kwamba walipokuwa wakiwaita waliokomaa, waliwaweka watoto kando yao. Khaman Maluach alizaliwa mwaka wa 2006 na akakulia Uganda, ambako ndiko alikoanzia kuushika mpira wa vikapu. Alipoingizwa katika kikosi cha Kombe la Dunia alikuwa na umri wa miaka 16. Huko Paris alikuwa na miaka 17, akiketi benchi moja na wanaume walioweza kumzaa, akipewa dakika zake, akikosea na kuelekezwa. Mnamo Juni 2025 alichaguliwa wa 10 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA. Kijana huyo hakungoja wakongwe wastaafu, na wala wakongwe hawakufukuzwa ili yeye apate nafasi. Penye wazee haliharibiki neno, na mtoto anayelelewa miongoni mwao haharibiki upesi.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba Sudan Kusini ni taifa, tena lina Deng na mkoba wake. Mtaa wa Eastlands una nini? Jibu tunalo hapa hapa kwetu, ijapokuwa linatoka katika kandanda na si katika vikapu.

Mwaka wa 1987 lilianzishwa katika vitongoji vya Mathare shirika la michezo la vijana linalojulikana kwa kifupi kama MYSA. Mwanzilishi wake alikuwa Bob Munro, raia wa Kanada, lakini walioliendesha na kulipa uhai walikuwa vijana wenyewe. Liliunda ligi za watoto wa rika mbalimbali, wavulana na baadaye wasichana pia. Timu ilipata alama za ushindi uwanjani, na ilipata alama za ziada kwa kuzoa taka na kusafisha mitaro ya mtaa wake. Vijana waliojitolea kufundisha wadogo zao, kuamua mechi au kupanga ratiba walitambuliwa kwa tuzo zilizowasaidia kulipa karo. Mnamo 1992 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la mazingira, uliitunuku MYSA tuzo ya Global 500.

Kutokana na ligi hizo ikazaliwa Mathare United mwaka wa 1994. Hawakununua mchezaji mashuhuri, maana hawakuwa na cha kununulia. Walipandisha ngazi vijana waliowajua tangu wakiwa na miguu mitupu. Miaka minne baadaye, mnamo 1998, wakatwaa Kombe la Moi Golden, wakalitwaa tena mwaka wa 2000. Kenya ilipokwenda Tunisia katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2004 na kupata ushindi wake wa kwanza kabisa katika historia ya fainali hizo, wa mabao 3 kwa 0 dhidi ya Burkina Faso, mmoja wa wafungaji alikuwa Dennis Oliech, aliyepita mikononi mwa Mathare United, naye hakuwa ametimiza miaka 20. Hatimaye mnamo 2008 klabu hiyo ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya.

Msomaji ahesabu mwenyewe: tangu 1994 hadi 2008 ni miaka 14. Lakini asisahau kwamba ndani ya miaka hiyo 14 yalipatikana makombe mawili, wachezaji wa timu ya taifa na kizazi cha makocha. Anayesema kwamba kujenga kwa vijana ni kukubali kukaa bila chochote mpaka siku ya siku, hajaitazama Mathare United kwa makini. Mavuno yalikuja kidogo kidogo njiani, kwa sababu kila mwaka palikuwa na rika jingine chini likisubiri zamu.

Hadithi hiyo haikuishia kwenye shangwe. Miaka ilipopita klabu ilidhoofika, ikashuka daraja, na ikarejea katika ligi kuu mwaka wa 2024. Wapo wanaolitumia anguko hilo kama ushahidi kwamba njia ya vijana haifiki mbali. Nawaomba watazame na upande wa pili. Mwaka wa 2019 kampuni ya SportPesa ilipoondoa udhamini wake, ligi nzima iliyumba, na vilabu vikubwa vilivyozoea kulipwa mishahara na mdhamini mmoja vikaanza kulia njaa. Mwaka huo huo Sony Sugar, iliyokuwa bingwa mnamo 2006, ilifukuzwa ligini baada ya kukosa kufika uwanjani mara tatu. Umaskini wa soka letu haukuchagua kati ya timu za vijana na timu za kununua. Tofauti ni kwamba aliye na ligi za watoto chini yake, akianguka ana mahali pa kuanzia upya. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mdhamini si ndugu hata kidogo.

Hata hivyo, njia ya vijana ina maradhi yake mawili, na itakuwa si haki kuyanyamazia.

Maradhi ya kwanza ni kuwaacha vijana peke yao. Kocha akiisha kuchoshwa na lawama, huwafuta wakongwe wote kwa siku moja na kuingiza watoto watano, kisha huita jambo hilo mageuzi. Watoto hao hupigwa kwa pointi 40, wiki baada ya wiki, hata wakazoea kushindwa kama mtu anavyozoea harufu ya chumba chake. Huko ni kuwatoa kafara. Usiache mbachao kwa msala upitao: mkongwe anayejua kutuliza mchezo dakika mbili za mwisho ni mwalimu asiyedai mshahara wa serikali.

Hapa mpira wa vikapu unatupa hesabu nyepesi ambayo hata mwanafunzi wa darasa la tano aweza kuifanya. Kikosi huwa na wachezaji 12, na uwanjani huwa watano. Mechi ina robo nne za dakika 10, yaani dakika 40. Zidisha 40 kwa 5, utapata dakika 200 za kugawa katika kila mechi. Kocha na awape chipukizi wake wanne dakika 50 kati ya hizo, robo ya mechi, iwe ni sheria isiyovunjwa hata siku ya fainali, na dakika 150 zilizobaki azitumie kutafuta ushindi kwa kadiri ya uwezo wake. Mwaka unaofuata wawili kati ya hao wanne watakuwa wamestahili kupewa zaidi, na wawili wapya wataingia chini. Kwa mpango huo hakuna siku timu itakayolazimika kubomolewa ili ijengwe.

Maradhi ya pili ni kulea kisha wengine wakavuna. Kijana akiiva huondoka. Oliech alikwenda Qatar na baadaye Ufaransa, na hakuna mwenye akili atakayemlaumu. Mtu wa Eastlands akipata mlango na apite. Lakini klabu iliyomlea isibaki na picha tu ukutani. Kanuni za FIFA tangu 2001 zinasema kwamba mchezaji akihama kwa ada kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya ada hiyo igawanyiwe vilabu vilivyomfunza alipokuwa kati ya umri wa miaka 12 na 23. Fedha hizo hudaiwa kwa karatasi. Klabu isiyosajiliwa, isiyokuwa na daftari la majina, tarehe za kuzaliwa na miaka ya mafunzo, haipati hata senti. Katika mitaa yetu wamo watu waliofundisha bure kwa miaka 20 na hawakuwahi kuandika jina hata moja. Mwalimu wa hesabu aliye karibu nao angeweza kuwafaa kuliko mdhamini.

Nimefika kwa walimu, na hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Shule zetu zimeanza kuiga tabia mbaya ya vilabu. Nimeshuhudia shule moja, ambayo sitaitaja, ikileta wachezaji wanne wa vikapu waliokwisha kuiva, wakaingizwa Kidato cha Tatu kwa karo ya bure. Kombe lilikuja, picha zikapigwa, mwalimu mkuu akahutubu. Lakini wale wanne walichukua nafasi za wanafunzi wanne waliokuwa wamekaa katika shule hiyo tangu Kidato cha Kwanza, wakifika uwanjani kabla ya jogoo na kuondoka giza likiingia. Walipoona kwamba bidii yao haina bei, waliacha mmoja mmoja. Na jioni ya Eastlands haikai tupu. Ukiondoa mpira ndani yake, itajazwa na kitu kingine. Miaka miwili baadaye wageni walikuwa wamemaliza masomo na kwenda zao, na shule ikakosa timu ya kupeleka mashindanoni.

Linganisha na Kamukunji. Ndugu wawili, McDonald Mariga na Victor Wanyama, walikulia Muthurwa na kusomea katika shule hiyo ya hapa hapa. Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa ubingwa wa vilabu vya Ulaya mnamo 2010, na Wanyama akaliongoza taifa kama nahodha katika fainali za Afrika za 2019. Siwataji kana kwamba kila mtoto atafika huko, wengi hawatafika. Nawataja kwa sababu walikuwa watoto wa jirani, na shule ya jirani iliwapa uwanja.

Sasa serikali yenyewe imeweka michezo ndani ya masomo. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na mmojawapo wa mikondo mitatu waliyochagua ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Haitakuwa na maana kumfundisha mwanafunzi nadharia ya mchezo darasani asubuhi, kisha jioni kumketisha benchi ili mchezaji wa kukodi ailetee shule kombe.

Pia hatuwezi kuwajenga vijana hewani. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchini, na wakazi wa Nairobi hawahitaji ripoti kujua ni viwanja vingapi vya kuchezea vilivyogeuka majengo. Viwanja vilivyobaki, kama vile Camp Toyoyo kule Jericho, vinabeba mzigo wa mitaa mingi. Mtaa unaobishana kama timu ichezeshe vijana au wakongwe, huku uwanja wake ukizungushiwa mabati usiku, unabishana juu ya chakula na huku chungu kinaibwa.

Basi ushauri wangu kwa viongozi wa timu zetu na kwa walimu wenzangu ni huu. Kocha apewe miaka mitatu kabla ya kuhukumiwa, na siku ya hukumu aulizwe maswali mawili: umeshinda mara ngapi, na ni chipukizi wangapi uliowapandisha? Atakayejibu swali moja tu ahesabiwe kwamba amefanya nusu ya kazi. Wakongwe wabakizwe kwa masharti kwamba kila mmoja wao atakuwa na kijana mmoja wa kumfundisha nafasi yake. Daftari liandikwe. Na mchezaji wa kutoka nje akiletwa, aje kuongeza nguvu ya waliopo, asije kuwafungia mlango.

Nanyi wanafunzi, mkipewa dakika tano katika mechi, msizidharau kwa sababu ni tano. Zichezeni kama mtu aliyekabidhiwa amana, kwa maana kuna mwenzenu mdogo kando ya uwanja anayehesabu siku hadi zamu yake ifike, na mtakapokuwa wakongwe ninyi ndio mtakaotakiwa kumpisha.